Kibaba cha Chuma

Rauno ametandaza kitambaa cha kijani kwenye kaunta,
akavipanga vitatu mbele yangu
kama mkunga apangavyo vyombo.
Kajaani leo ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
kope zangu bado zina chembe za barafu.
"Chagua, Tuulikki," asema. "Mdomo ni wako."

Mdomo wa bastola, ana maana hiyo.
Huu mwingine umeshaniponza vya kutosha.

Cha kwanza ni kofia tu,
shaba nyembamba ya kufunika meno ya skrubu yasikwaruzwe.
Haifanyi kitu, wala haijifanyi inafanya.
Posta nilikaa miaka thelathini na watu
wasioweza kujisemea hivyo.

Cha pili kinang'aa, kina matundu sita,
chadai kuutupa moshi juu ili mtutu usiruke.
Lakini kirisasi hiki, punje ya kunde,
kina moshi gani wa kugawa?
Ni kumfunga chiriku lijamu.
Nilikijaribu hata hivyo.
Masizi yakamrukia Eevertti kwenye njia ya tano,
akavua miwani, akaifuta, akanitazama
kama mtu aliyepigwa chafya.
Na kitabu cha kanuni, ukurasa wenye doa la kahawa,
chasema wazi: matundu hayaingii mashindanoni.

Cha tatu ni chuma kitupu. Gramu tisini.
Hakina maneno.

Sasa niseme habari ya mkono.
Novemba mwaka juzi niliteleza kwenye ngazi za duka la dawa,
kifundo kikaunga vibaya,
na tangu hapo, kila ninyooshapo bastola,
doa jeusi la shabaha hucheza,
si sana, kama taa ya jikoni lori likipita.
Chuma kile kilipofungwa, taa ikatulia.
Kumi, kumi, tisa, kumi, kumi.
Rauno akakohoa ili asitabasamu.

Mfululizo wa nne, bega likaja kudai deni lake.
Mtutu ukainama kama ng'ombe anayetafuta chumvi.
Saba. Saba.
Sita.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila hawakutuambia
kibaba kikishajaa nani atakibeba.

Nikalipa yuro arobaini na moja,
nikakitia chuma ndani ya glavu, nikaenda kwa Hilkka
mwenye kerezo gerejini, nyuma ya matairi ya theluji.
"Nitoe kiasi gani?"
Sijui.
Tukatoa gramu kumi. Bastola tupu, nikalenga msumari ukutani.
Tukatoa kumi nyingine.
Maganda ya chuma yakaanguka yakijikunja, ya buluu,
yakinukia sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mtoto.
Kumi ya tatu ilipotoka msumari ukacheza kidogo,
kidogo tu, na bega likanyamaza.
Hapo, nikasema.

"Lakini bado unatikisika," Hilkka akasema.
Bado.
Sasa natikisika kiasi changu.

Maganda nikayafagia, nikayaweka
kwenye mizani yake ya kupimia unga wa mkate:
thelathini na moja.
Tulihesabu thelathini.
Ile moja sijui imetoka kwenye chuma
au imetoka kwangu.