Upande wa Ukutani

Bibi alilikalia jiwe hili miaka hamsini na moja
akimenya karanga, miguu kainyoosha juani,
na nyuma yake mwamba wa Tororo umesimama
kama mtu aliyesahau alichokujia.

Babu, Koplo Oketcho, alilileta kutoka vitani Misri
ndani ya sanduku lililoandikwa vipuri vya lori.
Hakusema alilipata wapi. Alisema tu:
"Lilikuwa chini. Nami nilikuwa chini. Tukainuka pamoja."

Kichwa cha nguzo. Nguzo yenyewe ilibaki kwao.
Jiwe la chokaa, rangi ya jino la mbuzi mzee,
majani yamelizunguka safu mbili, ncha zimejikunja
kana kwamba upepo uliwahi kupita humo, ukakamatwa.
Nimelitafuta jani lile hadi Malaba. Si la mpapai.
Si la mbigili, ingawa lina ukali wake.
Mwalimu Awor alisema lina miaka elfu moja na mia tano,
akaishusha sauti kama aliyeingia matangani.

Juzi baba mdogo Obbo kaja na mizani.
"Mawe haya kiwandani wanayanunua.
Hili nalo ni la kusagwa, liwe saruji kama wenzake."
Bibi keshalala. Kaburi lake tumelijengea
mifuko minne, ya hapa hapa.
Sikuwa na la kumjibu. Nikamwomba siku moja.

Nikalipindua nilifute udongo,
ndipo nikauona upande alioupa ukuta bibi,
na kabla ya bibi mtu mwingine aliupa ukuta:
jani moja halikumalizika.
Limechorwa tu, mstari mmoja wa patasi,
kisha basi.

Mimi ni fundi wa lipu. Nilicheka peke yangu uani.
Mkono huo naujua! Ni saa kumi na moja jioni,
tajiri hajalipa, mtoto ana homa,
na huku nyuma, nani atakuja kuchungulia?
Hata mimi, jikoni kwa Mzee Emojong, nyuma ya kabati,
nilipiga koti moja badala ya mbili.
Mungu anajua. Sasa na wewe unajua.

Yale majani mengine, yaliyokamilika,
niliyapita tangu utotoni kama picha za watakatifu,
nikiyaheshimu, bila neno la kuyaambia.
Hili la kukwepa kazi
ndilo lililonyoosha kiganja, nikakishika,
kikavu, kina vumbi la chokaa kwenye mikunjo,
kama changu.

Asubuhi baba mdogo alirudi na mkokoteni.
Alinikuta nimelikalia, sinia mapajani,
jani lile pungufu limeelekea barabarani,
wapita njia wote walione.
"Mbona umeligeuza?"
Nikamwambia anyooshe mkono.
Nikamtilia karanga.