Feni ya Tano

Saa sita na robo, kila siku ya Mungu,
kompyuta ya Bwana Elirehema inazima.
Bila kuaga. Katikati ya ratiba ya msiba,
jina la marehemu limeandikwa nusu.
"Ni umeme," alisema mwezi wa kwanza.
Mwezi wa pili akasema ni jirani.
Mwezi wa tatu akanipigia mimi.

Duka liko nyuma ya soko la Mbuyuni,
mlango mmoja, dirisha limezibwa kwa katoni za karatasi.
Nikafungua skrubu nne, nikalilaza bati la ubavuni juu ya gazeti.
Ndani: vumbi limejifuma blanketi,
unyoya mmoja wa kuku, sijui ulipitaje,
na feni tano.
Tano!
Fundi aliyenitangulia alikuwa na imani yake:
feni zaidi, baridi zaidi.
Mbili mbele, moja ubavuni, moja juu, moja nyuma,
na zote zinavuta ndani,
kama wageni wanaomiminika ukumbini
na hakuna aliyekumbuka kwamba harusi huisha.

Kila feni ina mshale ubavuni,
mdogo kuliko ukucha wa mtoto.
Unakwambia hewa inakwenda wapi.
Hakuna anayeusoma.

Nikawasha udi. Elirehema akarudi hatua mbili:
"Dada Ndewedo, hayo mambo sisi Walutheri..."
"Tulia. Natafuta njia, sitafuti jini."
Moshi ukaingia mbele vizuri,
ukafika kwenye prosesa, ukasita,
ukakutana uso kwa uso na upepo wa nyuma,
ukajizungusha palepale hadi ukachoka.
Mji mzima unaitwa Moshi, na bado
tunasahau kuuliza moshi utatokea wapi.

Bibi yangu wa Kibosho alilijua hili bila bisibisi.
Jiko lake la kuni: mlango mfupi, unainama kuingia,
na chini ya paa upenyo wa viganja viwili
ambao baba aliuziba kwa saruji, kwa upendo.
Wiki nzima bibi alipika akilia.
Jumapili, baada ya misa, alichukua nyundo mwenyewe.
"Baridi ibishe hodi chini, joto liage juu.
Ukilinyima njia litakula nyumba."
Hakuwa anasema kwa mafumbo.
Alikuwa anazungumzia jiko.

Basi. Ya nyuma nikaigeuza, ipulize nje.
Ya juu pia.
Za mbele nikaziacha, nikazipangusa pua kwa brashi ya rangi.
Waya zilizosongamana kama tambi nikazifunga pembeni,
na kasha lenyewe nikalisogeza shubiri moja kutoka ukutani.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
joto lisilale hata siku moja.
Ile ya ubavuni nikaing'oa. Ilikuwa inagombana na wenzake.

Kesho yake, saa sita, tukakaa kimya wote wawili.
Na robo.
Na nusu.
Jina la marehemu likafika mwisho, na tarehe, na namba za nyimbo.
Elirehema akaweka kiganja nyuma ya kasha.
"Inatoa joto," akasema, kama anayelalamika.
"Ndiyo. Jana lilikuwa linabaki."
Akanilipa nusu. Nusu ya pili, ikifika Ijumaa haijazima.
Feni ya tano hakuitaka, ila aliitazama sana;
hakuamini kwamba kupunguza nako ni kutengeneza.

Jioni nikapanda kwa miguu na feni mkononi.
Upepo wa mlimani ulikuwa umeanza kushuka,
ule wenye harufu ya migomba na udongo wa mfereji.
Ikaanza kuzunguka yenyewe, taratibu, bila waya.
Nikasimama chini ya taa ya duka la dawa, niusome mshale.
Nilikuwa nimeishika kinyume.