Laki Tano za Msamaria

Daftari lenyewe ni kaunta buku, jalada jekundu,
kurasa za mwanzo bado zina hesabu za mizani:
springi moja, Mwaloni, kibanda cha tisa, haijalipwa;
sahani ya shaba, mama wa furu, kalipa nusu.
Nikageuza karatasi, nikapiga mstari kwa rula,
nikaandika kwa herufi kubwa MATIBABU YA BABA
na chini yake safu mbili: ahadi, taslimu.
Sikujua kati ya safu na safu
kunaweza kuwa mbali kuliko Kamanga
kivuko kikiwa kimezima injini.

Daktari pale Bugando alichora figo nyuma ya bahasha,
juu ya figo kofia ndogo,
ndani ya kofia akatia nukta.
"Hii huwapata watu wachache mno."
Wachache kama wangapi? baba akauliza.
Akaambiwa. Akatikisa kichwa
kama mtu aliyeshinda bahati nasibu
asiyokumbuka kuinunulia tiketi.
Dawa yataka milioni kumi na nane.
Bima ilitusikiliza kwa adabu,
ikatusindikiza hadi mlangoni.

Ndaki kauza pikipiki.
Mama kauza cherehani, na tangu hapo kila jioni
mguu wake wa kulia unakanyaga hewa chini ya meza.
Shangazi Kabula kaleta mtamba kutoka Magu,
kamshika kamba mwenyewe hadi mnadani,
hakutaka kumtazama machoni.
Simu ililia usiku: elfu mbili, elfu tano,
mia tano kutoka namba isiyo na jina,
na ujumbe: nitaongeza Ijumaa nikilipwa.
Hiyo mia tano niliiandika polepole.

Akaja Magesa, mnunuzi wa sangara,
yule aliyetaka baba amkazie springi kidogo tu,
gramu hamsini kila kilo, nani atajua;
baba akamrudishia mizani ikiwa sawa, bila kudai ujira,
wakapitana miaka sita bila salamu.
Aliweka laki mbili kitandani. "Usiandike jina."
"Andika," baba akasema. "Magesa.
Na uandike kwamba aliketi."

Mwezi wa nne simu ikanyamaza.
Watu si wabaya. Wana ada, wana misiba yao,
na mbalamwezi ilikuwa imejaa, dagaa hawavuliki.
Baba akaacha kuuliza.
Basi usiku nikaandika: Msamaria, laki tano, taslimu.
Nikajumlisha upya:
milioni kumi na mbili kasoro elfu arobaini.
Asubuhi nikamsomea. Akatabasamu,
akanywa uji, nusu bakuli.

Siku tatu alitabasamu. Ya nne akaomba miwani.
Akashusha kidole kwenye safu, akihesabu kwa Kisukuma,
maana Kiswahili, husema, ni cha kuuzia.
"Nkwimba, huyu Msamaria ni wa ukoo gani?"

Nikatazama nje, nyumba za Mabatini
zimeng'ang'ania mawe kama kupe.

"Kabla ya kupima samaki unapima hewa.
Mshale usipolala kwenye sifuri, usitie kitu.
Uji wa siku tatu nimenywea uongo wako.
Ulikuwa mtamu, sikatai.
Sasa lete rula."

Nikamkata Msamaria. Baba akatia sahihi kando, na tarehe,
mkono ukitetemeka, sahihi ikapanda mlima.
Pungufu: milioni sita, laki tano na elfu arobaini.
Hakunywa uji siku hiyo.
Lakini aliitisha bisibisi yake ndogo,
akalala ameishika.

Ijumaa, saa nne usiku, simu ikatetemeka mezani.
Elfu moja. Namba ileile.
Nikaandika: asante, tukuandike nani?
Hakujibu.
Nikaijaza namba yake mahali pa jina,
tarakimu zote kumi,
nikimsomea baba mojamoja.