Dakika Nane

Tumeifunga kwa bolti nne
kwenye fremu ya kitanda cha marehemu mama mkwe,
chuma cha enzi zile, kisichokunja goti.
Pipa la maji badala ya redieta.
Chupa ya petroli tumeining'iniza darini kwa kamba ya katani
kama dripu ya mgonjwa,
na mimi, Nélida, ninayejua chuchu za ng'ombe kuliko plagi,
nimekumbatia betri nisijue niitue wapi.

Julai, Tacuarembó. Umande umeganda juu ya nyasi.
Farasi wa jirani wanatoa moshi puani
kuliko matundu haya manne yasiyo ekzosi,
yaliyo wazi, yanayongoja kusema.

Gari halipo.
Kutu ilianzia milangoni ikahamia sakafuni,
mwisho nililiuza kwa kilo, pamoja na sufuria zilizotoboka.
Olegario alibaki na hii tu.
Akaipandisha juu ya meza ya kulia
na majira kumi na moja ya baridi
nilikula kando ya pistoni,
nikipangusa oili kwenye ganda la mkate.
"Unaitengenezea gari gani?"
"Ipone kwanza. Safari itajitafutia."
Usiku aliizungusha kwa mkono, taratibu, sikio juu ya chuma:
"Ya tatu inanung'unika, Nélida. Hebu sikiliza."
Sikusikia kitu. Nilisikia kuni.
Wala hakuiwasha hata siku moja.
Aliogopa, nadhani.
Kisichojaribiwa hakijashindwa.

Sasa amekuja Etchegoyen kutoka Rivera,
ana pampu ya mashamba ya mpunga, ana pesa kwenye soksi,
na anasema hanunui bubu.

Wáshington, mpwa wangu, anagusisha waya mbili.
Stata inalia, inakata.
Inalia.
Kabureta inapiga chafya, ulimi wa moto wa buluu
unachungulia na kurudi ndani.
"Tena," nasema.
Inalia, inakohoa, inashika —

ee, inashika!
Mabati ya banda yote yanatetema,
kopo la misumari linatembea lenyewe hadi ukingo wa rafu
na kuanguka, na hakuna anayesikia likianguka.
Wáshington anavuta waya wa mafuta
na chuma chote kinainama kulia,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Kitendawili: yakimbia, yakimbia, kizingiti haivuki.
Ningelitega, nani angelitegua katika kelele ile?
Haina magurudumu, haina usukani,
haina wa kumpeleka kanisani wala hospitali,
lakini inakwenda, bwana, inakwenda,
inakwenda palepale.

Na ndani ya ngurumo, mahali padogo,
tk.
Tk.
Nikaisikia. Ya tatu.
Baada ya miaka kumi na moja, na yeye mchangani,
ndipo sikio langu likafunguka.

Etchegoyen alikuwa akihesabu noti, ametabasamu.
"Ya tatu inagonga," nikamwambia.
Wáshington akanikanyaga mguu.
"Nini?"
"Ya tatu! Inagonga! Mume wangu aliijua!"
Akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu,
akarudisha noti tano kwenye soksi.
Sikumlaumu. Noti tano si bei kubwa
ya kumpa mtu haki yake akiwa hayupo.

Wakazima. Wakafungua bolti.
Ikapanda lori la mwingine, imelala chali,
safari yake ya kwanza, nayo imebebwa.

Wáshington hakuniaga vizuri.
Nilibaki na kitanda chenye matundu manne,
misumari sakafuni,
na pipa.
Nikatumbukiza kidole: maji yalikuwa moto bado.
Nikavuta kigoda, nikavua soksi za sufi,
nikatia miguu yote miwili hadi kwenye ugoko,
nikakaa hivyo
mpaka yakapoa.