Nyuma ya Maharusi

Ghala la mpunga, Rujewa, mwezi wa kumi.
Pumba bado zimo kwenye nyufa za sakafu.
Tumefunga kamba za katani, ukuta hadi ukuta,
tukazibana picha kwa vibanio vya nguo
alivyotuazima mama Gaudensia, baada ya kuvihesabu:
mia moja na ishirini. Atavitaka vyote.

Tusekile ameshuka kutoka Rungwe na kipunji wake,
nywele timtimu kama aliyeamshwa na mgeni.
Siku tisa alimvizia kwenye ukungu,
na alipomwona, lenzi ilikuwa inatoka jasho.
Ndiyo hiyo picha: weupe mtupu, na jicho moja.

Obadia Sanga ameleta maua ya Kitulo,
na chini ya kila ua, picha ya shimo.
Hapa palichimbwa chikanda. Hapa. Na hapa.
Vishimo vidogo, kama mbuzi amekanyaga tope.
Watu wanasimama kwenye maua. Kwenye mashimo wanapita.

Mimi sijawahi kuvizia mnyama wala ua.
Mimi ni wa pasipoti, kipaimara, mahafali,
"kidevu juu kidogo, shemeji, usifumbe macho."
Jumamosi ni harusi, na harusi za hapa
sharti zifike darajani: bibi aegemee chuma,
bwana amshike kiuno kana kwamba atadondoka,
nami nisimame palepale, juu ya jiwe langu,
kwa sababu nyuma yao palikuwa na maji.

Miaka kumi na minane, jiwe moja.
Nimezipanga kwa tarehe. Sikuandika neno.

Watu wakaingia wakicheka.
"Huyu si Atupele? Kumbe alikuwa mwembamba!"
"Hawa walishaachana."
"Suti hii ya kuazima, naijua,
imeozesha wanaume wanne."
Wakatafuta mashavu, shela, mpambe alikuwa nani,
mpaka mtoto mmoja, sare ya shule, mfupi,
macho yake yakiishia kwenye mikanda ya mabwana harusi,
akauliza: "Mbona hawa maji yanawafika kiunoni,
na hawa magotini?"

Wakarudi mwanzo wa kamba, kimya.

Mto mpana, rangi ya chai ya maziwa,
na juu ya bega la Atupele, masikio mawili ya kiboko.
Nakumbuka nilitaka kuyafuta, yaliharibu shela.
Kisha ulimi wa mchanga.
Kisha mawe tusiyoyajua.
Kwenye harusi ya Luhwago, viboko kumi na mmoja
katika dimbwi moja, migongo imebanana kama viazi sufuriani,
na bibi harusi anatabasamu huku amebana pumzi.
Ya mwisho ni ya mwaka jana, mwezi kama huu.
Maharusi hawako darajani. Wameshuka,
wamesimama katikati ya mto, viatu vikavu.
"Huku kuna mwanga mzuri," walisema.
Ni kweli, ulikuwepo. Nikapiga, nikalipwa.

Luhwago mwenyewe akasogea, akafuta miwani kwa shati.
"Mwaka ule nilifungua mfereji wa tatu," akasema.
"Ndio ulionilipia harusi."
Hakuna aliyemjibu. Nani amjibu?
Wali wake ulinukia hadi barabara kuu.
Magunia manne yalipikwa siku ile,
nami nilikula sahani mbili, kamera begani,
nikafunga nyingine kwenye mfuko, ya watoto.
Maji yale hayakupotelea mbali.
Tuliyatafuna.

Jioni wakaja wawili, wamebeba kadi za mwaliko.
Jumamosi ijayo, wakasema. "Bado unapiga darajani?"
Nikasema napiga. Nikaandika majina,
saa nane, kishika uchumba cha malipo,
na kwenye mstari wa mahali, kalamu ikasita.

Kisha mama Gaudensia akafuata vitu vyake.
Akavihesabu kwenye kanga, mara mbili.
Mia moja na kumi na tisa.
Sikumwambia kwamba Luhwago aliondoka na picha yake
bila kukunja, bila kuaga,
kibanio bado kimeiuma pembeni.
"Kimoja kimepungua," akasema mama Gaudensia,
akitutazama mmoja mmoja usoni.
"Mlidhani sitajua?"