Mishumaa Arobaini

Kazi yangu ni kuhesabu.
Katika jumba lile la mawe, nje kidogo ya Bakewell,
mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha kimshazari,
nilihesabu vifungo, vijiko, mikunjo ya leso,
tai ya bwana imeelekea upande gani,
ili picha ya asubuhi na picha ya alasiri
zifanane kama mapacha waliogombana wakapatanishwa.

Barabara ya lami ilimwagiwa udongo.
Madishi ya televisheni yaling'olewa kwa fidia,
na mkulima mmoja, Bwana Ogle, alilipwa
ili trekta lake linyamaze hadi saa kumi.
Karne mbili tulizifagia kwa ufagio na hundi.

Kitabu sikukisoma. Niseme ukweli.
Nilisoma muswada wa filamu, kurasa tisini na nane,
uliotolewa kwenye kitabu cha kurasa mia sita,
kama mtu aliyechinja fahali
akakuletea mshikaki.
Mtamu, sikatai.
Lakini fahali alikuwa na pembe.

Siku ya dansi: mishumaa arobaini na moja.
Mabinti waliobanwa viuno kwa kamba hawawezi kuinama,
wanavuta supu kwa mrija nyuma ya pazia.
Ukutani, miongoni mwa watumishi, Clement Ousby,
dereva wa basi mstaafu, miaka sabini na miwili,
amekodiwa siku nne ashike sinia, asiseme neno.
Wigi limemkalia kichwani kama paka aliyelala.

Tulipopiga mara ya tatu, arobaini na moja.
Mara ya nne,
arobaini.

Nilimfuata hadi kwenye gari la chai.
Mfuko wa koti lake la kuazima ulikuwa na doa la nta.
Sikumuuliza. Alinijibu.

"Mke wangu, Dilys, alikisoma kitabu kile kila kipupwe,
kwa sauti, mimi nikiosha vyombo.
Mna kijakazi humo, Tabby, hana hata ukurasa mzima.
Dansi likiisha anazima mshumaa kwa vidole vyenye mate,
kipande kilichobaki anakitia mfukoni,
maana vipande ndivyo bahashishi yake,
na kwao ana mdogo wake anayeogopa giza.
Hapo Dilys hufunga kitabu, anyamaze kidogo.
Alikuwa akifunga, nataka kusema.
Nimemtafuta Tabby kwenye muswada wenu. Hayumo.
Yumo farasi mweupe.
Farasi kitabuni hakuwemo."

Nilikuwa na fomu mkononi, na kalamu.
Sharti la kazi yangu: kosa likionekana, liandikwe.
Kule ndani mwongozaji anafoka,
saa za ziada zinakula pesa, turudie au tusirudie?
Nikaandika: arobaini.
Kisha nikarudi juu, kwenye mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
nikapunguza moja, moja, moja.
"Hakuna kosa," nikasema. "Tuendelee."

Filamu ilitoka majira ya maua.
Niliitazama Sheffield, nyuma ya dada wawili wenye bisi.
Mmoja akanung'unika, kitabuni haikuwa hivi.
Mwenzake: nyamaza, tazama yale magauni.
Saa moja na dakika kumi na tisa,
nyuma ya bega la binti anayeposwa,
mahali ambapo kamera haikujali kuona vizuri,
vidole viwili vinafumbana, nuru moja inakufa.
Haimalizi hata kope mbili.

Magazeti yalisifu mapazia.

Siku hizi nakisoma, polepole, jikoni.
Nimefika ukurasa wa mia tatu na kumi.
Tabby bado hajaingia na sitaki kumrukia.

Clement nilimtumia tiketi. Hakwenda.
Alisingizia goti.
Mimi nadhani hakutaka kumwona yule farasi.