Shingo ya Dereva

Picha iko juu ya kasha la misumari,
pembe moja imeliwa na mende,
na kila Alhamisi Mzee Vrajlal huipachika kikuba
anachonunua kwa mama mmoja wa Shela, asiyepunguza bei.

Mungu wao ana rangi ya wingu la masika.
Farasi wanne, weupe wa chokaa.
Unyoya wa tausi kichwani, hatamu mkononi,
na shingo, nikashangaa siku ya kwanza,
shingo ameigeuza nyuma.

"Huyu ataingia mtaroni," nikasema.
Miaka kumi na mmoja naendesha tuktuk Malindi hii.
Anayemgeukia abiria
hukutana na lori la mchanga linalotoka Sabaki.

Mzee alicheka hadi miwani ikamvuka.
"Lali, farasi wanaijua njia.
Asiyeijua ni abiria."

Akanisimulia, huku akimpimia mteja mnyororo:
yule wa nyuma ni mpiga upinde.
Kafika uwanjani, kutazama ng'ambo
kawaona binamu zake, mwalimu wake,
babu aliyempakata.
Upinde ukamponyoka.
Na mungu, ambaye angevimaliza vita kwa kupepesa jicho,
hakushika hata kisu.
Aliomba kazi ya udereva.

Neno hilo nililala nalo.
Mimi nilipotaja kazi hiyo nikiposa,
wakwe waliomba wiki tatu za kufikiri.

*

Jumatatu ya kesi nilimchukua saa mbili kasorobo.
Kiwanja cha Barabara ya Lamu, ndugu wawili, mawakili wanne.
Faili limefungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli.
Hatujafika mahakamani:
"Simama."

Nikamwona kiooni, kipande kipande,
jicho, kisha kidevu.
"Mansukh," alisema, "nilimfundisha mimi
kufunga kamba za viatu."
Faili likamponyoka.
Risiti zikatapakaa miguuni,
nyingine za kabla sijazaliwa.

Nikazima injini.
Mimi si mungu wa mtu.
Nina Mola wangu, na adhuhuri nakwenda kwake.
Nilichokuwa nacho ni methali moja:
ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Lakini methali ile ni ya jirani.
Haisemi ashike nini
ndugu mwenyewe.

Basi nikageuza shingo.

Nyuma wanapiga honi, mwenye mkokoteni wa maji ananitukania ukoo,
nami namtazama abiria, mzima, bila kioo,
mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja.
Ndipo nikaiona ile picha.
Gari lile limesimama!
Farasi wameinua kwato, wanatoa povu,
lakini gurudumu limetulia mchangani.
Hakuwa akiendesha huku akizungumza.
Alikuwa amesimama, kwa sababu ya mtu mmoja,
katikati ya majeshi.

Sikumwambia kitu cha maana.
Nilimwuliza: "Mbele, au nyumbani?"

Aliokota risiti moja moja,
akizinyoosha kwenye goti kama anayepiga pasi.
Muda mrefu.
"Mbele," akasema. "Ila polepole."

*

Kesi iliahirishwa hadi Agosti.

Alhamisi akanipa kikuba, nikakitundika kiooni.
Usiku mke wangu akakinusa, akakunja uso,
akaniuliza ni cha nani.
Nikamwambia:
cha dereva mwenzangu.
Hajaniamini mpaka leo.